Goli la Mgongo wa Lyamba

Kawajense, Mpanda
Jumapili, 5 Septemba 1993

Ndugu yangu Egide,

Mimi mzima, Theopista mzima, watoto wazima, hata baiskeli yako uliyoniachia nzima. Mgonjwa ni timu.

Jana ligi ya wilaya imefunguliwa, na Nyuki wetu wamecheza na Mwamkulu. Tumeshinda moja kwa bila. Usishangilie kwanza, soma mpaka mwisho.

Ni wiki ya tatu tangu mpande treni kurudi kwenu Burundi, na ndiyo mara ya kwanza kwa miaka tisa mimi kusimama pale pembeni ya goli bila wewe. Nyanzala alikuja na beseni lake la karanga akataka kuliweka pale unaposimama. Nikamwambia hapo pana mwenyewe. Akaniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamjibu amekwenda kununua chumvi. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiandikisha kila Jumamosi pale ofisi ya makazi ya wakimbizi Katumba ili wakupe kibali cha kutoka: sababu ya safari, kununua chumvi. Miaka tisa, Egide! Ng'ombe wote wa Wasukuma wa wilaya hii wakikusanywa pamoja hawajalamba chumvi kiasi hicho.

Sasa mchezo. Dakika themanini nzima vijana wetu walikimbia kama watu wanaotafuta ufunguo uliopotea. Kila mmoja akitazama chini, na mpira uko kwa mwingine. Mwamkulu wamegonga mwamba mara mbili. Mara ya tatu mshambuliaji wao alibaki yeye na goli tupu, golikipa wetu Yotham amelala kule mbali anasali, na yule mtu akapiga mpira ukaenda kwenye mihogo ya watu. Nilitaka kumpa mkono wa pole, maana alistahili goli kuliko sisi sote.

Dakika ya themanini na tatu tukapata kona. Unamkumbuka Lyamba, yule beki wetu mrefu? Kamba za viatu vyake zilikatika juzi, nikamkatia mimi mwenyewe vipande viwili vya tyubu afungie. Basi kona inapigwa, Lyamba ameinama katikati ya watu anafunga kiatu, goli amelipa mgongo. Mpira ukaja ukampiga hapa katikati ya mabega, ukaingia wavuni. Hakujua! Alipoinuka akakuta watu wanamrukia, akadhani anapigwa, akakunja ngumi. Ilibidi refa amweleze kwamba amefunga.

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mimi sikuruka. Nilitia mikono mfukoni. Huu ni ushindi wa kuona haya, na tukicheza hivi na timu za mjini Sumbawanga tutarudishwa kwa mkokoteni. Nikageuka nikuambie hayo, nikakuta pako wazi. Nimekaa na hasira yangu mpaka leo asubuhi kanisani.

Nilikwambia usiende, na sitalirudia hilo tena. Msalimie Emelyne na tumbo lake, na mpe Vestina mkono wangu mchafu wa grisi anaoupenda. Barua hii anaibeba Aristide wa dagaa, anafika Kigoma na kuvuka kwenu kila mwezi.

Ni mimi fundi wako wa baiskeli,
Telesfori


Nyanza-Lac, Burundi
20 Septemba 1993

Kaka Telesfori,

Barua yako nimeisoma mara nne peke yangu. Mara ya tano nilimsomea Emelyne, na tulipofika pale Lyamba alipokunja ngumi, alicheka mpaka nikaogopa mtoto atatoka kabla ya wakati wake. Ahsante. Hujui umetupa nini.

Sisi tuko salama. Shamba la marehemu baba nimeliona kwa macho yangu, na michikichi aliyoipanda bado inazaa. Kuna mambo madogo ya kumalizana na watu waliomo humo, wazee wanayashughulikia. Kwa sasa baba mdogo ametupa chumba kwake. Ni mtu mwema sana, ana mbuzi sita na kila mmoja ana jina la askofu.

Nije kwenye mchezo. Kaka, wewe una moyo mgumu kama tandiko la baiskeli ya Phoenix. Tumeshinda! Kwenye karatasi ya ligi hawaandiki mpira umepita wapi, wanaandika Nyuki pointi mbili. Halafu fikiria hivi: kamba zisingekatika, Lyamba asingeinama. Usingempa tyubu, asingekuwa na cha kufunga. Goli ni lako, Telesfori fundi, na wewe umesimama mikono mfukoni unaona haya. Nenda kamshukuru Lyamba kwa niaba yangu, na ukimaliza ujishukuru mwenyewe.

Mimi nilikuwa na miaka kumi tulipovuka kuja Tanzania mwaka wa sabini na mbili. Ulishaniuliza mara nyingi tulipitaje, na mimi nikakujibu kwamba tulipita tu. Sikuwa nakuficha, ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyepanga vizuri. Tangu hapo nikipata kitu sikipekui sana kimefikaje, nasema ahsante na kukishika.

Nikwambie siri. Jumamosi ile saa kumi jioni, nilijua ligi inaanza. Nilitoka nje nikasimama nikatazama upande wenu. Vestina akaniuliza, baba unatazama nini? Nikamwambia natazama mpira. Akasimama na yeye. Baadaye akaniuliza nani anashinda, nikamwambia sisi. Sasa barua yako imenitoa kwenye uongo.

Lipo jambo moja limenikaa. Siku ya kuondoka niliweka kichwa dirishani tangu stesheni mpaka treni ilipouacha mji. Theopista alikuja na mihogo ya kuchemsha na ile mikanda ya tyubu uliyomtuma atuletee ya kufungia mizigo. Akasema wewe una kazi nyingi. Mikanda bado ninayo, mmoja natembea nao mfukoni. Mimi sijakasirika. Nataka tu kujua kama ulikasirika wewe.

Niandikie kila mechi. Usiache kulalamika, ila na mimi niache nifurahi.

Mdogo wako,
Egide


Kawajense, Mpanda
Jumatatu, 11 Oktoba 1993

Ndugu Egide,

Umetaka kila mechi, basi zipokee. Tumetoka suluhu mara moja, bila kwa bila, refa mwenyewe alipiga miayo. Halafu tumefungwa mbili. Umesema niwe mtu wa kushukuru, nimejaribu. Nimeshukuru kwamba hazikuwa tatu.

Lyamba nimempa salamu zako. Sasa ananiita mwalimu wake wa mpira mbele ya wateja, na kila akipita kwenye kibanda changu anainama kwanza. Umeniletea balaa.

Kuhusu ile siku ya treni, kazi zilikuwa nyingi. Nilikuwa na baiskeli saba za kutengeneza.

Juzi nilikwenda Katumba kutengeneza baiskeli ya mwalimu mkuu, nikapita pale ofisini. Yule karani wenu mama Eufrazia akaniita. Akaniuliza, "Fundi, yule mtu wangu wa chumvi amefika salama kwao?" Nikajifanya sielewi. Akacheka, akanifungulia kitabu chake cha vibali. Jina lako limejaa humo, kila Jumamosi ya mchezo, chumvi, chumvi, chumvi. Akasema, "Nyie mnadhani mimi sijui ratiba ya ligi? Mume wangu ni mtu wa Nyuki kufa na kupona. Nilikuwa nikimwandikia Egide chumvi kwa sababu mpira haumo kwenye orodha ya sababu." Egide, mwanamke huyu amekubebea uongo wako kwa miaka tisa, na wewe ulikuwa ukitetemeka mbele yake kama mwizi wa kuku.

Emelyne akijifungua tuma neno hata kwa mtu wa boti. Theopista ameshafuma kofia ya sufu, na sasa ni Oktoba ya Mpanda, jua linakausha mpaka mate. Kofia ya sufu!

Telesfori


Kawajense
Jumapili, 24 Oktoba 1993

Egide,

Redio inasema jeshi limepindua serikali kwenu na rais wenu mpya ameuawa. Inasema watu wanauana vijijini. Kisha inaweka muziki.

Barua yangu iliyopita Aristide alikuwa bado hajaondoka nayo, kwa hiyo anazichukua zote mbili. Nikimuuliza atafika lini, anasema hajui kama boti zinavuka.

Uko wapi? Usiandike barua ndefu, andika neno moja. Ukikosa karatasi, mwambie mtu yeyote anayekuja upande huu, mwambie Telesfori fundi baiskeli, Kawajense, wananijua mpaka stesheni.

Jana kulikuwa na mpira, sikwenda.

T.


Kawajense, Mpanda
Jumapili, 14 Novemba 1993

Ndugu yangu Egide,

Aristide amerudi kwa treni ya Ijumaa. Ameniwekea barua zangu mbili mezani, juu ya pampu, bado zimefungwa vilevile kwa uzi wangu. Hakuvuka. Anasema Kigoma watu wanaingia kwa miguu na kwa boti, wengi mno, na alisimama siku nne akitazama nyuso, hakuuona wako.

Sikumlaumu. Nilimpa chai, akanywa, Theopista akaja kuondoa vikombe. Anarudi Kigoma kesho, na nimemfungia barua zote pamoja na hii. Amesema ataulizia kwenye kila boti na kila uwanja wa kanisa. Kwa hiyo naandika kama mtu anayejua utasoma.

Nilikudanganya. Sikuwa na baiskeli saba siku ile, nilikuwa na moja, na hiyo ilikuwa yako. Nilikuja stesheni, Egide. Nilikuja kabla yenu. Nilisimama nyuma ya ghala la mizigo, pale penye magunia ya mahindi, nikakuona ukipandisha masanduku. Nikakuona unatafuta watu kwa macho. Nilijua nikija mbele nikakushika mkono, nitakushusha kwa nguvu, nitamshusha na Emelyne na mtoto, watu wote watacheka. Ulikuwa na furaha. Ulikuwa umevaa shati jeupe. Tangu nikufahamu ulikuwa mtu wa kuomba kibali, na siku ile ulikuwa unakwenda kwenu bila kumwomba mtu. Mimi nani nikuharibie? Basi nikakaa nyuma ya magunia kama panya mpaka treni ikaondoka, na kichwa chako kilikuwa bado dirishani. Niliona. Nimekuwa nikikiona kila siku.

Ndiyo, nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu nilijua nitabaki na Jumamosi peke yangu. Hiyo ndiyo sababu yote, ni ya kitoto, sasa unaijua.

Jana nilikwenda mpirani kwa sababu Theopista alinisukuma nje ya nyumba. Tumeshinda nne kwa bila. Egide, sijawahi kuona Nyuki wakicheza vile. Pasi fupi fupi, mpira unatembea chini, goli la tatu lilitokea mbali sana mpaka golikipa wao mwenyewe akapiga makofi. Nilisimama pale petu nikatazama yote hayo na hayakunigusa hata kidogo. Mtu aliyekuwa mbele yangu aligeuka kunikumbatia, akaona uso wangu, akaniacha.

Njiani kurudi niliomba. Wewe unajua mimi si mtu wa kuomba nje ya kanisa. Nilisema, Mungu, mimi ndiye yule mjinga niliyetia mikono mfukoni siku ya Mwamkulu. Nimekoma. Sitaki tena ushindi mzuri. Nipe moja kwa bila, mbaya kabisa, ya kubahatisha, ya mgongoni. Nirudishie watu watatu na tumbo, sitauliza wamepitaje.

Baiskeli yako nimeipaka mafuta tena jana. Haihitaji, lakini nimeipaka.

Kaka yako,
Telesfori


Kigoma
1 Desemba 1993

Kaka Telesfori,

Tupo.

Naliandika peke yake hilo neno kwa sababu ndilo uliloniomba. Aristide ametukuta jana kwenye uwanja wa kanisa, tumejipanga kusubiri uji. Aliniita kwa jina mara mbili kabla sijageuka, maana siku nyingi sikuwa nimeitwa. Akanipa barua tatu kwa mpigo. Nimezisoma kwa kufuata tarehe, na ile ya Oktoba, ya mama Eufrazia, nimecheka kwa sauti katikati ya watu wasiocheka. Ya mwisho sikucheka.

Emelyne yupo. Vestina yupo. Mimi nipo. Na kuna wa nne, mvulana. Alizaliwa Kagunga tarehe mbili Novemba, upande wa Tanzania, hatua chache tu tangu mpakani, kwenye mkeka wa mama mmoja anaitwa Nyamizi. Hatukumjua na yeye hakutujua. Alitukuta tumekaa chini ya ukuta wake, akatazama tumbo la Emelyne, akasema, "Ingieni, mnangoja nini?" Akamfunga mtoto kwa khanga yake mpya, nilipotaka kuirudisha akakasirika. Nitamkumbuka yule mama kila nitakapokula.

Baba mdogo hatunaye. Alirudi kufungua mbuzi wake ili wasife kwenye kamba. Nisamehe, hapo sitaongeza.

Na mimi nilikudanganya, kwa hiyo tumelingana. Yale mambo madogo ya shamba hayakuwa madogo. Waliokuwa humo walinikataza hata kugusa mchikichi. Sikutaka ujue, kwa sababu ulikuwa umenionya na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Sasa nikueleze tulivyopona, ni wewe tu utakayeelewa. Asubuhi ile kulikuwa na lori linachukua watu kwenda kaskazini, Rumonge. Emelyne ana ndugu kule, nikaona ndiko salama. Tulikuwa wa mwisho kwenye mstari. Kanda ya ndala ya Vestina ikakatika, akaanza kulia, hataki kutembea. Nikatoa mkanda wa tyubu mfukoni, nikainama kumfungia. Dereva alipiga honi, mimi bado nimeinama, fundo linateleza. Nilipoinuka lori lilikuwa limeondoka. Nilipiga kelele, nikalikimbilia, nikalitukana. Nilimgombeza mtoto mpaka akanyamaza. Kwa kukosa lori tukageuza kwa miguu kusini, kuja huku.

Lori lile lilisimamishwa mbele kidogo. Hakufika mtu.

Nimelifikiria jambo hili kila siku, Telesfori, na sioni akili yangu popote ndani yake. Mimi nilikuwa nataka kupanda. Nilikuwa nimeinama tu, nimelipa mgongo. Nimeshamwomba Vestina msamaha, na anaona ajabu baba anamwomba msamaha kwa ajili ya ndala.

Basi tumeshinda moja kwa bila, kaka, na mchezo haukuwa mzuri hata chembe. Namshukuru Mungu, namshukuru Nyamizi, nakushukuru wewe na mkasi wako wa kukatia tyubu. Wapo wengi hapa waliokuwa na akili kuliko mimi na hawana tena wa kumshukuru, kwa hiyo nashukuru kwa sauti ndogo.

Mtoto tumemwita Lyamba. Emelyne alikataa kwanza, akasema hawezi kumpa mwanawe jina la beki. Nikamkumbusha ile barua ya Septemba, akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nyanza-Lac, nikajua amekubali.

Hapa wanatuandikisha kupelekwa kambi mpya. Mimi nataka Katumba. Nilikulia pale, nilioa pale, ninajua kila shimo la njia mpaka uwanjani. Muulize mama Eufrazia kama mtu aliyeondoka kwa miguu yake mwenyewe anaweza kupokelewa tena. Kama hawezi, usinifiche. Tumeshafichana vya kutosha.

Mdogo wako,
Egide


Kawajense, Mpanda
Alhamisi, 9 Desemba 1993

Egide, Egide, Egide,

Barua yako niliisomea jana kwenye kibanda, na wateja wawili wanasubiri. Nilipofika kwenye lori nikaweka spana chini. Mmoja akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, tumeshinda. Akauliza nani kacheza, leo ni Jumatano! Nikamzibia pancha bure, na yule mwingine naye akataka bure.

Jioni hiyohiyo nilipanda baiskeli yako mpaka Katumba. Nilimkuta mama Eufrazia anafunga ofisi. Nikamsomea yote, yeye amesimama na kufuli mkononi. Nilipomaliza akafungua tena, akatoa daftari la makazi. Jina lako halijafutwa, Egide. Nyie wote mliorudi kwenu aliambiwa awafute mwisho wa mwaka, na mwaka haujaisha. Leo asubuhi tumekwenda kwa mkuu wa makazi, yeye mbele mimi nyuma. Mkuu amesema mje na zile kadi zenu za zamani. Zikiwa zimepotea, mama Eufrazia atasimama kama shahidi kwamba anakufahamu. Akamuuliza anakufahamu kwa lipi. Yule mama akajibu kwa uso mkavu kabisa, "Kwa chumvi." Barua ya mkuu yenye muhuri ameibeba Aristide, waonyeshe hao wanaoandikisha.

Kuhusu baba mdogo wako, Theopista ameomba misa Jumapili. Nilimtajia padri jina lake. Sikumtajia majina ya mbuzi.

Lyamba mkubwa nimemwambia kwamba amepata wajina. Alikaa kwenye benchi langu, jitu zima lile, anafuta macho kwa kitambaa changu cha grisi. Halafu akasema si haki mtoto kupewa jina kwa goli ambalo yeye mwenyewe hakuliona, na kwamba atafunga jingine kwa kichwa ili mtoto asione haya shuleni. Nikamwambia asithubutu. Aendelee kuinama.

Treni yenu ya kutoka Kaliua ikifika nitakuwa stesheni. Nitasimama mbele kabisa, karibu na kengele, nimevaa jezi ya njano ya Nyuki ili hata Vestina anione kwa mbali. Hakuna ghala litakaloniona siku hiyo.

Kofia ya sufu ipo tayari. Mtoto ataivaa, jua liwake lisiwake, usibishane na Theopista.

Kaka yako,
Telesfori


Katumba
Ijumaa, 21 Januari 1994

Kaka Telesfori,

Nakuandikia ingawa ni safari ya asubuhi moja tu kwa baiskeli, kwa sababu siku ile stesheni hukuniachia nafasi ya kusema kitu. Ulimchukua Vestina mkono huu na mtoto mkono huu, ukatangulia, na njia nzima ukawa unaniuliza kama nimeona mnyororo mpya uliouweka. Nimeuona, kaka. Ni mzuri sana. Na wewe nilikuona kabla treni haijasimama. Emelyne ndiye aliyenionyesha kwa kidole.

Nyumba yetu ya zamani paa limeanguka upande mmoja, majirani wamenisaidia kuezeka. Mahindi ya kupanda nimepewa na watu watatu ambao hawakuniuliza nitarudisha lini. Emelyne ananenepa. Lyamba ananyonya kama mtu aliyelipwa, na kofia ameivaa, ana vipele vya joto paji zima. Mwambie Theopista tunamshukuru, ila usimwambie vipele.

Leo asubuhi nimekwenda ofisini kuomba kibali cha kesho. Nimesimama pale pale nilipokuwa nikisimama, nikainamisha kichwa vilevile kama mwizi wa kuku, ingawa najua anajua. Mama Eufrazia akachukua kalamu, hakuinua hata macho.

"Sababu ya safari?"

"Kununua chumvi," nikasema. Mdomo wenyewe ulisema.

Akaweka kalamu chini. "Egide, watoto wangapi sasa?"

"Wawili."

"Nyumba ya watu wanne haiwezi kula chumvi yote hiyo. Sema kweli, na mimi niandike kweli. Nimechoka kuandika chumvi."

Nikamwambia mpira haumo kwenye orodha. Akasema orodha hiyo anaijua, aliipiga chapa yeye mwenyewe, sasa niseme. Nikasema nakwenda Mpanda kutazama Nyuki na Mwamkulu, mechi ya marudiano, na rafiki yangu. Akaandika maneno yote hayo, hata rafiki yangu, mwandiko umebana mpaka ukatoka nje ya mstari. Akagonga muhuri. Nimekikunja kibali nimekiweka kwenye kitabu cha sala, na kesho nikirudi sitakitupa kama vile vya zamani.

Kwa hiyo nishikie mahali pangu, Nyanzala asiweke beseni.

Na nina ombi. Kesho najua tutacheza vibaya, hii timu naifahamu. Yotham atalala mapema, mipira itakwenda kwenye mihogo, na tukishinda itakuwa kwa kubahatisha. Umeniandikia kwamba umekoma kulalamika, kwamba ulimwahidi Mungu. Naomba umwambie akuachie Jumamosi moja. Miezi mitano sijasikia mtu akikasirikia kitu kidogo. Huko nilikopita hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukasirikia kona iliyopigwa vibaya. Nilikuwa nikikaa kwenye ule uwanja wa kanisa Kigoma nikijaribu kuikumbuka sauti yako ukimtukana refa, na kila nilipoipata niliona nimeshafika nyumbani.

Kwa hiyo mimi nitashukuru, kazi hiyo niachie. Wewe tia mikono mfukoni, nuna, niambie ni ushindi wa kuona haya. Sema kwa nguvu, kaka, nitakuwa nimesimama hapo hapo pembeni yako.

Mdogo wako,
Egide